Shilingi 950 za gofu ya wanawake: nilichokiona na nilichonyimwa

Nieleze kwanza nilichonunua. Ni programu ya kutazama michezo kwenye simu, shilingi 950 kwa mwezi, unalipa kwa M-Pesa, na mwezi wao una siku 28. Jina silitaji. Wanaotazama gofu kwa simu hapa pwani tunahesabika, na wataitambua kwa bei. Nilijiunga Alhamisi ya tarehe 6 Februari 2025, saa tisa alasiri, nimekaa kwenye benchi la makedi nikisubiri zamu ambayo mwishowe haikunifikia. Siku hiyo Founders Cup, mashindano ya LPGA, ziara ya wanawake ya Marekani, ilikuwa ikianza Bradenton, Florida, na nilitaka kuwaona mabinti wa msimu huu kwa macho yangu kabla watangazaji hawajaniambia nimpende nani.

Mimi ni kedi. Nimebeba mabegi kwenye viwanja vya Mombasa na Kilifi miaka 17. Begi la mchezaji wa kulipwa likijaa linafika kilo 20, na unatembea nalo mashimo 18 jua likiwa utosini. Ukishaifanya kazi hiyo muda mrefu, mpira unakoma kukushughulisha. Mpira ukishapigwa umepigwa. Mimi naangalia mchezaji anavyomrudishia kedi wake fimbo. Wapo wanaoirudisha baada ya mkwaju mbovu kama mtu anayerudisha sahani jikoni, taratibu, akili imeshahamia kwenye mkwaju unaofuata. Wapo wanaokusukumia kifuani kana kwamba wewe ndiye uliyepiga. Kwa hiyo bei ya programu kwangu inapimwa kwa hilo: itanionyesha mikono ya wasichana hawa, au itanionyesha mpira ukielea angani na kuanguka?

Kilichonifanya nitoe hela yangu, kusema kweli, ni Vipingo. Mara nne, mwaka 2019, 2022, 2023 na 2024, wachezaji wa Ladies European Tour, ziara ya wanawake ya Ulaya, wamekuja kucheza Magical Kenya Ladies Open pale Vipingo Ridge, kwenye uwanja wa Baobab, juu ya kilima kilichokuwa shamba la mkonge. Mara tatu za mwisho ilikuwa Februari, na msimu wao mzima ulianzia hapa kwetu. Februari ni kaskazi. Upepo haupumziki. Mgeni siku ya kwanza anautukana, siku ya pili anakuuliza unatoka wapi, na siku ya tatu ama ameshauelewa ama ameshapanga mabegi yake arudi kwao. Ukitaka kumpima msichana mapema kwenye msimu, hakuna mzani kama huo. Mwaka 2025 mashindano hayakuja, basi nikajikuta nanunua kwa shilingi 950 kitu nilichozoea kulipwa ili nikitazame.

Nitoe mfano wa mzani wenyewe. Desemba 2019 nilimbebea begi msichana mmoja wa Ulaya ambaye hakupita mchujo wa Ijumaa, ule unaowatoa waliobaki nyuma, kwa hiyo Jumapili nilikuwa huru, nimesimama kwenye kamba kama mtazamaji. Esther Henseleit wa Ujerumani, miaka 20, msimu wake wa kwanza, alimaliza mashimo 18 kwa mikwaju 64 tu siku hiyo. Akachukua kombe, na kwa ushindi huo akamaliza mwaka akiwa wa kwanza kwenye orodha nzima ya ziara, na tuzo ya mgeni bora akabeba yeye pia. Watu wote wakamkimbilia, na ilikuwa haki yake. Mwaka 2024 alipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Paris. Lakini jicho langu lilibaki kwa Aditi Ashok wa India, aliyepitwa kwa mkwaju mmoja. Nikamwambia mwenzangu, huyu atarudi. Februari 2023 alirudi, uwanja uleule, akashinda kwa mikwaju 9.

Tangu hapo kipimo changu ni hicho. Mwanzoni mwa msimu simtafuti anayeshinda. Namtafuta aliyeshindwa kwa mkwaju mmoja, nimwone anafanya nini wiki inayofuata. Na hapo ndipo programu hii iliponiudhi, nitaeleza.

Tuanze na Florida. Tofauti ya saa kati yetu na Florida mwezi wa Februari ni saa nane, kwa hiyo siku ya mwisho ya mashindano inaisha kwetu usiku wa manane na zaidi. Nimekaa Mtwapa, mtandao wa nyumba ninayopanga ni wa simu tu, na bando la usiku nililonunua lilikwisha kabla mchezo haujafika shimo la kumi. Nikanunua jingine. Saa moja ya matangazo kwa picha safi inakula karibu GB moja, na ukishusha ubora wa picha mpira hauonekani tena, unaona mtu anapunga fimbo hewani. Halafu kuna kale kaduara. Kanazunguka, kanazunguka, na kakiacha kuzunguka umerudishwa dakika mbili nyuma, ukurasa wa matokeo ushakwambia kilichotokea na picha ndiyo kwanza inajiandaa kukionyesha. Usiku ule wa Jumapili nilijua Yealimi Noh ameweka mpira shimoni kabla hajainama kuusoma mstari.

Huyo Noh ndiye aliyeshinda, na nilifurahi hata kwa picha mbovu. Alikuwa na miaka 23. Aliacha njia ya chuo akaingia kwenye malipo akiwa bado kinda, na mwaka 2019, akiwa na miaka 18, alikaribia kabisa kushinda Portland Classic. Hannah Green akampita mwishoni kwa mkwaju mmoja. Halafu miaka ikapita. Mitano na ushee bila kombe hata moja, na wakati wote huo kila mwandishi akiandika "kipaji" mbele ya jina lake, neno ambalo ukilibeba muda mrefu linageuka deni. Bradenton alimaliza mikwaju 21 chini ya kiwango cha uwanja, minne mbele ya Jin Young Ko, na Ko si mtu wa kukuachia kitu: wiki 163 amekaa namba moja duniani, hakuna mwanamke mwingine aliyefikisha. Ukitaka kujua kama msichana amekomaa, mweke mbele ya Ko siku ya Jumapili. Noh hakuharakisha. Hatua zake kati ya mkwaju na mkwaju zilikuwa zilezile shimo la pili na shimo la kumi na saba. Hilo niliweza kuliona hata picha ikikatika, kwa sababu mwendo wa mtu unauona hata kwa vipande.

Wiki moja kabla, Orlando, A Lim Kim wa Korea Kusini alikuwa amefungua msimu kwa kuongoza tangu siku ya kwanza mpaka ya nne, na Nelly Korda akawa wa pili. Nilitazama marudio tu. Mashindano yale wanaingia walioshinda misimu miwili iliyopita, kwa hiyo ukitafuta sura mpya huko unatafuta nazi kwenye mwembe.

Na hili nataka lieleweke, kwa sababu nimeona watu wakipanga orodha za "vijana bora wa 2025" mwezi wa pili haujaisha. Mwanzo wa msimu wa LPGA umepangwa kwa namna ambayo inawaficha vijana. Mashindano ya kwanza ni ya mabingwa. Baada ya Bradenton zinafuata Thailand na Singapore, wachezaji ni wachache, hakuna mchujo, na kuingia kwenyewe ni kazi. Msichana aliyepata kadi ya kucheza LPGA Desemba anaweza kukaa nyumbani wiki nzima akitazama kwenye runinga kama mimi. Na yule aliyeingia anacheza siku nne zote hata akipiga vibaya, hakuna Ijumaa ya kumtoa jasho. Ijumaa ndiyo siku ya kumjua mtu. Nimewahi kubeba begi Ijumaa ambapo mchezaji wangu alihitaji mashimo manne ya mwisho yasiwe na kosa, na nakwambia begi lile lilikuwa zito kuliko Jumapili yoyote. Kwa hiyo mtu akiniletea matokeo ya Thailand kama ushahidi kwamba fulani ameiva, nampunguzia bei kidogo.

Baada ya kusema hayo, Thailand ndiyo wiki niliyopata thamani ya pesa yangu.

Saa zetu na zao zinaachana kwa nne tu, hivyo matangazo yanakuja asubuhi na mapema, mtandao bado haujaamkiwa na watu, na kale kaduara sikukaona kabisa siku mbili za mwisho. Jumapili ya tarehe 23 Februari nilikuwa na binti wa kaka yangu, yuko Gredi ya 8, anajifunza gofu Jumamosi na fimbo iliyokatwa mpini. Tumeweka simu juu ya kopo la unga, chai na mahamri, mbaazi za nazi pembeni. Angel Yin alikuwa mbele na aliendelea kuwa mbele. Huyu ni Mmarekani wa California, miaka 26, si mchanga sana, lakini nilikuwa na hesabu naye: Novemba 2024, kwenye fainali ya msimu ya CME, Jeeno Thitikul alimpita kwa mkwaju mmoja baada ya kumaliza mashimo mawili ya mwisho kwa igo na bedi, yaani mikwaju miwili kisha mmoja chini ya kiwango cha shimo, na tofauti kati ya wa kwanza na wa pili siku ile ilikuwa ya kukukosesha usingizi, maana wa kwanza alipewa dola milioni 4. Miezi mitatu baadaye Yin amekwenda Thailand, nyumbani kwa Thitikul, akamaliza mikwaju 28 chini. Mtu wa mkwaju mmoja huyo. Nilimwonyesha mtoto kwa kidole.

Lakini habari ya siku ile kwangu ilikuwa Akie Iwai wa Japani. Alikuwa na miaka 22, ni pacha. Ndugu yake Chisato naye anacheza, na wote wawili walipata kadi za LPGA kwa pamoja, Desemba 2024. Msimu wake wa kwanza, na siku ya mwisho alipiga 61. Sitini na moja! Akamaliza mikwaju 27 chini. Amepitwa kwa mmoja.

Na sasa malalamiko yangu. Mtu anapiga 61 na programu imenionyesha mashimo yake ya mwisho tu, baada ya ubao wa matokeo kuwalazimisha. Muda wote wa mwanzo kamera zilikuwa na kundi la mwisho, la wanaoongoza, na matangazo ya saa za mkononi ambazo hakuna mtu Mtwapa atakayezinunua. Nikasema nitatafuta marudio. Marudio yapo, siku saba, na kweli yanafunguka haraka, lakini ni yaleyale yaliyorushwa. Hakuna mahali pa kubonyeza ukasema nipe mikwaju yote ya mtu mmoja. Kuna vipande vya dakika mbili, na dakika mbili za mtu aliyepiga 61 ni mipira ikizama shimoni mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayelisha kuku. Nilichotaka mimi ni kile kilicho katikati: aliposubiri, alipobadilisha fimbo, alipokosa. Kila raundi ya 61 ina mkwaju mmoja mbovu ndani yake, na huo ndio ningelipia.

Niliwaandikia. Kuna kisanduku cha mazungumzo. Nikaeleza kwa adabu, Kiswahili safi, kwamba naomba wafikirie kufuata mchezaji mmoja mmoja, hasa wageni wa msimu. Siku tatu baadaye nikajibiwa kwa Kiingereza kwamba nizime simu niiwashe.

Singapore nisiseme sana. Lydia Ko alishinda mikwaju minne mbele ya Thitikul na Ayaka Furue, na Lydia huyu ni mtu mzima kwenye kazi hii, kumtazama ni raha lakini hakuna cha kupima. Kwa Thitikul neno moja. Alitimiza miaka 22 mwezi ule wa Februari na watu walimzungumza kama mzee. Alishinda mashindano ya Ulaya akiwa na miaka 14, akawa namba moja duniani akiwa na 19. Katikati ya Februari 2025 alishinda Riyadh, kwenye ziara ya Ulaya, na programu yangu haikurusha hata sekunde moja kwa sababu haki za Ulaya hawana. Hilo lingeandikwa mlangoni. Walichoandika ni "gofu ya wanawake", mtu anaingia akidhani ni yote.

Binti wa kaka yangu alikuwa na swali lake mwenyewe, na ndilo lililotupeleka kwa Miyu Yamashita. Ukurasa wa wachezaji kwenye programu ni mzuri, nikiri. Una picha, kimo, umri, matokeo ya nyuma, na unafunguka hata bila bando kubwa.

"Shangazi, huyu ameandikwa sentimita 150. Wamekosea?"

"Hawajakosea."

"Mimi nina 152."

"Basi umempita."

Akanyamaza, akasoma tena. Yamashita alikuwa bingwa wa msimu Japani mwaka 2022 na tena 2023, na Desemba ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza kwenye mashindano ya kutafuta kadi ya LPGA. Mtoto akauliza sasa mpira wake unafikaje huko. Nikamwambia haufiki huko. Warefu wanafika, wanakaa wakimsubiri, yeye anapiga wa pili akiwa nyuma yao na anauweka karibu na bendera kuliko wao. Anayepiga kwanza na akapiga vizuri anamwachia mwenzake maneno. Nimeliona hilo kwa makedi wakongwe kule viwanjani. Mzee wa miaka 60 anawatoa hela vijana wenye misuli kila Jumatatu. Ningeambiwa nichague mgeni mmoja wa msimu huu wa kumtegemea mwaka mzima, bila kungoja ushindi wa wiki moja, ningemchagua Yamashita. Uwanja ukiwa mgumu na wenye upepo, mtu wa namna yake ndiye anayebaki. Ningependa sana kumwona Vipingo kwenye kaskazi.

Halafu Ramadhani ikaingia, na mwezi wangu ukaisha. Uliisha Alhamisi tarehe 6 Machi, siku ileile Blue Bay inaanza kule Hainan, China. Siku 28, nimekwambia. Kama mwezi wao ungekuwa wa siku 30, ningekosa siku mbili tu za mwisho. Kwa hesabu yao nilikosa zote nne. Nikalipa tena 950, nikijiona mjinga, na nikaapa kuandika haya.

Lakini Blue Bay ilikuwa nzuri. Tunakula daku, tunaswali alfajiri, wengine wanarudi kulala, mimi nawasha simu. Nyumba kimya. Rio Takeda, Mjapani mwingine, miaka 21. Huyu nilimfahamu tangu Novemba, aliposhinda Toto Japan Classic kwao baada ya mashimo sita ya ziada dhidi ya Marina Alex, na ushindi ule ndio uliompa kadi bila kupita mlango wa Desemba. Mwaka 2024 alishinda mara nane kwenye ligi ya nyumbani. Mara nane! Kwa hiyo kumwita mgeni ni suala la karatasi tu. Jumapili alipiga 64, akamaliza mikwaju 17 chini, sita mbele ya Minjee Lee.

Nilichokiona kwake ni miguu. Anapiga kwa nguvu zote, fimbo ndefu inazunguka mpaka unahisi atajing'oa, lakini mguu wa mbele umekaa pale kama nguzo ya kibanda. Wasichana wengi wenye nguvu siku ya mwisho wakiwa mbele wanaanza kupunguza, wanapiga nusu, na nusu ndiyo inayoingia majini. Takeda alipiga vilevile shimo la kwanza na la mwisho. Fimbo aliirudisha bila kumwangalia kedi, macho mbele, na kedi naye hakungoja kuangaliwa. Hao wawili wanaelewana. Hilo programu ilinionyesha vizuri, kwa sababu alikuwa anaongoza, na anayeongoza anapewa kamera.

Je, Takeda ni bora kuliko Akie Iwai? Kwa Machi, ndiyo, kombe linasema. Mimi bado nina shaka ya aina moja tu kwake: sijamwona akiumia. Aliyeshinda kwa sita hajaulizwa swali. Iwai ameulizwa, na jibu lake, Machi ile, lilikuwa bado halijaja.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumtaja Rose Zhang. Namheshimu, alishinda mashindano yake ya kwanza kabisa kama mchezaji wa kulipwa, Juni 2023, jambo ambalo lilikuwa halijatokea LPGA tangu 1951. Lakini mwanzo wa 2025 alikuwa akisoma Stanford huku akicheza, na miezi ile kwake ilikuwa ya vitabu. Kumpima Februari ni kumpima mwanafunzi wakati wa mtihani wa somo jingine.

Na kuhusu Shannon Tan nimkumbushe mwenye kusahau. Februari 2024, Vipingo, miaka 19, mashindano yake ya kwanza kama mwanachama wa ziara ya Ulaya, akashinda, Msingapori wa kwanza kufanya hivyo kwenye ziara ile. Tulimtazama bure, kwa miguu yetu, tukisikia fimbo ikikata nyasi. Sauti ile simu haina. Msichana anayepiga mpira katikati ya uso wa fimbo anasikika tofauti, ni mlio mfupi mkavu, kama kuvunja muwa, na ukishausikia huhitaji ubao wa matokeo. Kwenye programu kuna watangazaji wawili wanaozungumza juu ya mlio huo bila kupumua. Nilijaribu kuwazima nibaki na sauti ya uwanja. Kitufe hakuna.

Haya, hukumu. Kama uko na Wi-Fi ya nyumba na unakesha, lipia mwezi wowote. Kama uko kwa bando kama mimi, lipia wiki za Asia peke yake: Februari ya mwisho na Machi ya mwanzo, na tena vuli yao wakirudi huko. Usilipe siku ya Jumatatu ukidhani unajiandaa. Lipa Alhamisi asubuhi, siku mashindano yanapoanza, uhesabu siku 28 kwa kidole kwenye kalenda kabla hujabonyeza. Zima kujilipa kwenyewe, kumefichwa chini kabisa ya ukurasa wa akaunti, rangi ya kijivu juu ya kijivu. Na usiinunue kama unataka kumjua mchezaji aliye nafasi ya arobaini, maana huko ndiko walikojaa wasichana wa msimu wa kwanza, na huko kamera haifiki. Matokeo yao unayapata bure kwenye tovuti ya LPGA, shimo kwa shimo, na kedi yeyote aliyezoea anaweza kuusoma ubao na kujua palipomuuma mtu: bogi mbili mfululizo (bogi ni mkwaju mmoja juu ya kiwango cha shimo) halafu bedi, huyo ana moyo, bogi mbili halafu kiwango tupu, huyo anajificha.

Nyota ningetoa tatu kwa Asia na moja kwa Florida.

Binti wa kaka yangu ameanzisha daftari. Ni daftari la hisabati, ameligeuza nyuma. Safu ya kwanza jina, ya pili "alishindwa wapi kwa mmoja", ya tatu "alirudi lini". Aditi Ashok, Vipingo 2019, Vipingo 2023. Yealimi Noh, Portland 2019, Bradenton 2025. Angel Yin, CME Novemba 2024, Thailand Februari 2025. Chini yao ameandika Akie Iwai, Thailand Februari 2025, na pale pa tatu ameacha wazi. Mwezi wangu wa pili unaisha tarehe 3 Aprili 2025, na Chevron, taji kuu la kwanza la mwaka, inaanza Texas tarehe 24. Usiku tena, saa nane mbali. Ameshaniuliza mara mbili kama nitalipa.